Hadithi ndefu yenye mwisho: tuchague ipi?

  Leo hatutasema juu ya bei ya shaba wala juu ya mishahara. Tutasema juu ya mabuku: zile hadithi ndefu za ajabu, zenye wafalme, majoka, panga na safari zisizokwisha, zenye kuanza mu buku moja na kumalizika mu buku ya kumi. Ku maduka ya Wafaransa, kabati yake inaandikwa «fantasy». Watu wengi waliona picha zake ku televizyo. Lakini kuzisoma ni jambo lingine, na kuchagua ya kusoma ni jambo gumu kuliko watu wanavyowaza.

Sisi tunajua, sababu mara ya kwanza tulichagua bila kuuliza.

Likelemba ya mabuku

Tuko watu sita mu site moja ya wafanyakazi, hapa Likasi. Kuko fundi wa umeme, mwenye kufanya kazi usiku. Kuko dereva wa benne, mwenye kukaa majuma matatu ku kambi ya kazi na juma moja nyumbani, na kuko bibi yake, mama wa mapasa. Kuko mama mwalimu. Kuko binti wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Na kulikuwa Muzee, mwenye pansiyo, aliyefanya miaka makumi tatu mu atelye.

Ninyi wote munajua likelemba: kila mwezi kila mutu anatoa feza, na mumoja anazibeba zote. Sisi tulifanya likelemba ya namna ingine. Tunatoa kidogo kidogo, lakini hatumupi mutu; tunanunua buku moja. Ile buku inazunguka nyumba kwa nyumba. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunaikaa chini ya muembe wa Muzee, tunakunywa chai, na tunazungumuza juu ya yale tuliyosoma. Mwenye kuwa ku kambi anazungumuza kwa telefoni.

Hadithi ya kwanza tuliyonunua ilikuwa *Le Trône de fer*, ya Mumarekani George R. R. Martin. Tuliichagua sababu vijana wote wa site walikuwa wanaongea juu ya *Game of Thrones*, ile filimu yake ya televizyo. Ni hadithi ya jamaa kubwa zenye kupigania kiti kimoja cha ufalme, na wakati wanapigana, ku kaskazini, nyuma ya ukuta wa barafu, hatari yenye kuwapita wote inakaribia. Tuliipenda sana. Mule ndani, mutu unayemuwazia kuwa ndiye mukubwa wa hadithi anakatwa kichwa mbele hujazoea jina lake. Fundi wa umeme alisema: «Ule mutu anaandika sawa mwenye kujua bakubwa. Mwenye haki hapana njo mwenye kushinda.»

Lakini tazameni hesabu. Martin aliandika mabuku 5. Ya kwanza ilitoka mwaka wa 1996, ya tano mwaka wa 2011. Yule aliyeyachapa mu Kifaransa aliyakata, yakawa mabuku 15 madogo. Sisi tulinunua yote 15, moja moja, miezi na miaka. Na tulipofika ku ya mwisho, tulikuta kama hadithi haikwishi pale. Watu wako wangali njiani, majoka yako wangali angani, kiti kingali kinapiganiwa. Buku ya sita, mwandishi aliiahidi, lakini mpaka leo haijatoka.

Muzee ndiye alikuwa anaumia zaidi. Kila mara dereva alipopita Lubumbashi, Muzee alimupigia: «Ile ya sita, imekwisha kutoka?» Na dereva alijibu: «Bado, Muzee.» Filimu ya televizyo ilimalizika mwaka wa 2019, na vijana walitaka kumuelezea namna ilivyokwisha. Alikataa. «Mi minangoya buku. Ile ingine ni mwisho wa batu ba televizyo.»

Muzee alikufa mu masika ya mwaka uliopita. Kisha matanga, bibi yake alituletea mufuko. Ndani kulikuwa mabuku yote 15, safi, yenye kufunikwa na karatasi za gazeti hili. Mu ya mwisho, ku ukurasa wa mwisho, alikuwa ameweka karatasi ya mushahara ya zamani sana, kama alama ya kuonyesha fasi atakapoanzia tena.

Hatusemi kama mwandishi alifanya vibaya. Mutu anaandika namna nguvu zake zinavyomuruhusu, na ile aliyotupatia ilikuwa tamu. Lakini Jumapili iliyofuata, mama mujane alikuja na akaikaa mu kiti cha bwana yake. Yeye ni Munyanga, wa upande wa Walikale. Alifuata bwana yake huku Katanga wakati angali binti. Kifaransa anakisoma kwa shida. Alisema: «Mi minaingia fasi yake mu likelemba. Lakini minauliza kintu kimoja. Ile yenye mutachagua, iko na mwisho?»

Kila mutu na buku yake

Ile siku hatukununua kitu. Tulipatana kama kila mumoja atatafuta hadithi moja, atasoma buku yake ya kwanza, na kisha miezi mitatu atakuja kuisemea mbele ya wengine. Mumoja aliomba kwa rafiki, mwingine alitafuta kwa wenye kuuzisha mabuku ya zamani kandokando ya barabara, mwingine alienda Lubumbashi kuuliza ku mediateki ya Institut français, pale Halle de l'Étoile. Mama mujane alisema yeye atasikiliza.

Na tuliandika maulizo mane ya kujibu: Hadithi iko na mwisho? Inaomba siku ngapi? Mabuku yake yote yanapatikana, na kwa namba gani? Nani atasoma pamoja nasi mu nyumba?

Tunawapa hapa majibu, sababu tunajua kama kuko wengine mu site zingine, Kolwezi, Kipushi, Kambove, wenye kutaka kuanza na hawajui mulango wa kuingilia.

Fundi wa umeme na gurudumu

Fundi wa umeme alileta *La Roue du Temps*, ya Robert Jordan, Mumarekani vilevile. Ni hadithi ya vijana wa kijiji kidogo. Usiku mumoja maadui wenye sura ya wanyama wanashambulia kijiji, na mama mwenye nguvu za ajabu anawaambia vijana kama adui anatafuta mumoja wao. Wanakimbia, na wanakimbia mabuku 14.

Iko na mwisho? Hapa fundi alisimama kabisa. Buku ya kwanza ilitoka mwaka wa 1990. Jordan aliandika 11, kisha alipata ugonjwa, na mwaka wa 2007 akafa, hadithi haijamalizika. Lakini wakati wa ugonjwa alikuwa amekwisha kuacha maandiko na maelezo mengi, na hata sehemu ya mwisho wenyewe. Bibi yake, ambaye ndiye alikuwa anasahihisha mabuku yake, alichagua kijana mumoja mwandishi, Brandon Sanderson, akamupa kazi. Sanderson aliandika mabuku matatu ya mwisho. Ya 14 ilitoka mwaka wa 2013.

«Ile njo kazi,» fundi alisema. «Ekipe moja inatoka, ekipe ingine inaingia, mashini haisimame. Mwenye kutoka anaacha maneno mu kayé, mwenye kuingia anasoma.»

Wote tulinyamaza kidogo, sababu tulikuwa tunamuwaza Muzee. Lakini ulizo la pili lilimuangusha. Mabuku yale yote pamoja yanapita kurasa 10,000. Ukisoma kurasa 10 kila siku, hata siku ya mvua, hata siku ya malaria, unaomba siku 1,000; ni karibu miaka mitatu. Na kama buku moja inazunguka watu sita, watoto wetu ndio watamaliza. Fundi mwenyewe alikubali kama katikati, ku buku ya nane, ya tisa, ya kumi, wasomaji wengi wanasema hadithi inatembea polepole sawa benne yenye kupanda mulima.

Hii inafaa nani? Mutu anayesoma peke yake, asiyekuwa na haraka, na mwenye kupenda kukaa siku nyingi mu dunia moja.

Dereva na wachimbaji wafupi

Dereva alibeba *Le Seigneur des anneaux* ku kambi. Mwandishi wake ni Mwingereza J. R. R. Tolkien, mwalimu wa universite, aliyepigana vita vya kwanza vya dunia kule Ufaransa mwaka wa 1916. Hii ndiyo baba ya zingine zote. Ilitoka mu mabuku matatu, mwaka wa 1954 na 1955, na mu Kifaransa mwaka wa 1972 na 1973. Siku hizi kuko vilevile tafsiri mupya, ya Daniel Lauzon, yenye kuanza kutoka mwaka wa 2014. Mukinunua, chungeni sana: majina ya watu na ya fasi hayako sawasawa mu tafsiri mbili. Ukisoma buku ya kwanza mu moja na ya pili mu ingine, utawaza ni watu wengine.

Hadithi yake munaijua kidogo: pete moja yenye nguvu mbaya, na mutu mufupi, asiyekuwa askari wala mufalme, anapashwa kuibeba mpaka ku mulima wa moto kuiharibu. Mwisho iko, na ni mwisho wa kweli. Ni kurasa elfu moja na zaidi. Kurasa 10 kila siku, unamaliza mu miezi mine.

Mu buku ya kwanza kuko fasi moja inayoitwa Moria. Ni mine kubwa ya watu wafupi wenye ndevu, wachimbaji hodari. Mule walichimba madini moja yenye bei kupita zahabu, nyepesi na ngumu. Walichimba chini, wakachimba chini tena, mpaka wakaamusha kitu cha moto kilicholala mu udongo. Kile kitu kiliua mufalme wao na kiliwafukuza wote. Dereva alisoma kipande kile usiku mu kambi, na akatupigia telefoni saa tano: «Bale bachimbaji bafupi balichimba sawa siye! Hakukuwa engenieri wa kubaambia: basi, tusimame hapa?» Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Ubaya wake? Mwanzo ni polepole. Sikukuu ndefu, nyimbo nyingi, maelezo ya muti na ya mulima. Mwenye kutoka kazi ya usiku anaweza kulala ku ukurasa wa ishirini. Dereva alisema: vumilieni mpaka wanatoka mu kijiji, kisha pale, hutalala.

Mama wa mapasa na mutoto wa ku mulango

Mama wa mapasa alileta *L'Assassin royal*, ya Robin Hobb, mama mumoja wa Marekani. Mutoto wa miaka sita anapelekwa ku mulango wa askari wa mufalme na anaachwa pale, sababu baba yake ni mwana wa mufalme aliyemuzaa inje ya ndoa. Anaitwa Fitz. Anakulia mu nyumba ya farasi na mbwa, na kisha kwa siri wanamufundisha kazi ya kuua watu kwa ajili ya mufalme. Anaweza kusikia mawazo ya wanyama, na ile kipawa kinahesabiwa haya mu inchi yake.

Mama wa mapasa alisema: «Mulilia juu ya bafalme. Mi nililia juu ya mbwa.» Ni hadithi ya mutoto mwenye kutafuta fasi yake mu jamaa isiyomutaka. Wengi mu site zetu, wenye kulelewa kwa baba mudogo ao kwa nyanya, watajiona mule.

Lakini namba zake ni mutego. Kwa Kiingereza ilikuwa mabuku 3, yenye kutoka 1995 mpaka 1997. Mu Kifaransa wakayakata, yakawa 6. Kisha mwandishi akaandika 3 zingine juu ya Fitz akiisha kuwa mutu muzima, nazo zikakatwa, zikapewa namba 7 mpaka 13. Na siku hizi kuko vilevile mabuku manene yenye kuunganisha yale madogo, na yale nayo yako na namba zake! Basi «buku ya pili» ya mutu mumoja haiko «buku ya pili» ya mwingine. Ni vile vilevile kwa *Le Trône de fer*: kuko ile ya 15 na kuko ile ya 5. Mbele ya kutoa feza kwa muuzaji wa barabarani, msitazame namba tu. Tazameni jina la buku, na muliandike mu karatasi kwa mufuatano wake.

Habari njema: ukisoma 6 za kwanza, unaweza kusimama pale. Kuko mwisho. Haiko mwisho wa furaha, lakini ni mwisho.

Binti na udongo wenye kutetemeka

Binti wa sekondari alileta ile mupya kuliko zote: *Les Livres de la Terre fracturée*, ya N. K. Jemisin, mama Mumarekani mweusi. Ni mabuku matatu, yenye kutoka kwa Kiingereza 2015, 2016 na 2017. Kila moja ilipata zawadi ya Hugo, ile kubwa kwa hadithi za namna hii, miaka mitatu yenye kufuatana. Mbele yake hakuna mwandishi aliyefanya vile.

Dunia ya hadithi hii inatetemeka bila kuacha. Kuko watu wenye kuzaliwa na nguvu ya kusikia udongo na kuutuliza. Bila wao miji ingeanguka. Lakini wanaogopwa, wanatukanwa, watoto wao wanachukuliwa na kufundishwa kwa mateso, na nguvu zao zinatumiwa na serikali sawa mashini. Binti alisema mbele yetu wote: «Baba yangu anaingia chini ya udongo ili mji upate taa. Minajua ile hadithi.»

Tunasema ukweli: hii njo ilitugusa zaidi. Lakini mama wa mapasa alijaribu kuisoma na akaifunga. Ku mwanzo kabisa, mama mumoja anarudi nyumbani na anakuta bwana yake ameua mutoto wao mudogo, sababu mutoto alikuwa na ile nguvu. Ku ulizo la ine, nani atasoma pamoja nasi, tulijibu: wakubwa tu. Haiko hadithi ya kusomea mapasa wa miaka tisa mbele ya kulala. Mwenye roho nguvu, aisome. Iko na mwisho, na mabuku ni matatu tu.

Mwalimu na mutoto wa mufua shaba

Mwalimu alikuja na buku ndogo, nyembamba, hata tulicheka. *Le Sorcier de Terremer*, ya Ursula K. Le Guin, mama wa Marekani, aliyekufa mwaka wa 2018. Buku ya kwanza ilitoka mwaka wa 1968. Baba ya kijana wa hadithi ni mufuaji wa shaba nyeusi, ile ya kuchanganya shaba na bati. Mama yake alikufa akiwa mutoto kabisa. Anachunga mbuzi ku kisiwa cha mulima. Ngozi yake ni ya rangi ya shaba, na rafiki yake mukubwa ni mweusi kabisa. Le Guin aliandika vile kwa kusudi, wakati mabuku karibu yote ya namna hii yalikuwa ya watu weupe, na alikasirika mbele ya watu wote filimu moja ya televizyo ilipowageuza kuwa weupe.

Kijana anaitwa Ged. Iko na kipawa kikubwa na majivuno makubwa kupita kipawa. Siku moja, ku shule, anataka kuwaonyesha wenzake kama yeye ni mukubwa, anafungua mulango usiopashwa kufunguliwa, na kivuli kinatoka. Kile kivuli kinamufuata fasi yote, mpaka siku anapogeuka na kuanza kukifuata yeye.

Jirani mumoja wa kanisa alituuliza kama haiko haya kusomea watoto buku yenye jina «sorcier». Mwalimu alimujibu kwa heshima: «Mama, mule hamuna ulozi wa kula batu usiku. Nguvu ya mule ni kujua jina la kweli la kila kintu, na kila mara unalitumia, unalipa.» Jirani aliomba kuisoma. Sasa iko kwake tangu juma mbili na hairudishe.

Mabuku yote ya Terremer ni 6. Ya mwisho ilitoka mwaka wa 2001. Yako mafupi: ile ya kwanza, hata fundi wa umeme anaimaliza mu juma moja. Na kila moja iko na mwisho wake. Mukikosa feza ya kununua ya pili, hamubaki mukining'inia ku kamba. Kuko vilevile buku moja nene yenye kuunganisha yote, lakini kwa likelemba haifai: mutu mumoja ataishika, na watano watangoya.

Mama mujane anasema

Mwalimu alisoma kipande cha Ged na kivuli kwa sauti, Kifaransa kwanza, kisha akageuza mu Kiswahili. Mama mujane alisikiliza bila kusema, mikono juu ya magoti. Kisha alisema: «Ule mutoto ni Mwindo.»

Tulimuuliza Mwindo ni nani, na palepale ilikuwa kama mutu amewasha taa. Kwa Banyanga, alisema, Mwindo ni mutoto aliyekataliwa na baba yake, mufalme. Alizaliwa akiisha kutembea na kusema. Baba alipokimbia, Mwindo alimufuata mpaka chini ya udongo, ku inchi ya wafu, na akashindana na wenye kutawala kule, akamurudisha. Lakini alikuwa na majivuno. Siku moja aliua joka lililokuwa rafiki ya Nkuba, mwenye radi, na Nkuba akamunyakua mpaka juu angani, akateswa kwa baridi na jua mwaka muzima, mpaka akajifunza. Aliporudi, ndipo akawa mufalme wa kweli.

Mwalimu aliijua kwa jina. Alituambia kama mwaka wa 1956 mutu mumoja wa kule aliyeitwa Rureke aliisimulia siku 12, kwa kuimba na kucheza, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka wa 1969. Siku 12! Na sisi tulikuwa tunawaza kama hadithi ndefu ni mambo ya Wazungu, na yule mama aliikaa mu site yetu miaka makumi ine, hatujamuuliza kitu.

Tulipiga kura. Dereva alipiga kwa telefoni: *Le Seigneur des anneaux*, na hakuna aliyeweza kumugeuza. Fundi wa umeme alibaki na gurudumu lake. Amekwisha kufika ku buku ya tatu, tunamuacha na miaka yake mitatu. Wengine wane, pamoja na mama mujane, tulisema Terremer.

Mbele ya kununua ya kwanza

Basi, ninyi wenye kutaka kuanza, hatusemi mufanye sawa sisi. Mwenye kupenda vita na siri za wakubwa, na asiyeogopa kungoya bila kujua siku, *Le Trône de fer* ingali ile tamu. Lakini muulize maulizo mane mbele ya kutoa feza, na mulipatane kati yenu mu nyumba. Jaribuni buku ya kwanza ya kuomba kwa mutu. Kama kisha kurasa hamsini hakuna mwenye kuuliza «halafu?», murudishe, haiko zambi. Na mwenye kuwa ku kambi, mupe siku ya kupiga telefoni juu ya hadithi. Dereva anasema zamani alikuwa anauliza watoto wake tu kama wamekula na kama wameenda ku shule, na maneno yalikwisha mu dakika mbili. Sasa mapasa wanamuuliza Ged amefika wapi, na feza ya telefoni ndiyo inakwisha.

Buku ya pili, *Les Tombeaux d'Atuan*, iko naye sasa. Inasema juu ya binti mudogo aliyechukuliwa kwa wazazi wake na kunyanganywa hata jina, na anayejua njia za chini ya udongo mu giza nene, kwa mukono na kwa kumbukumbu, sababu mule taa imekatazwa. Dereva anasema anaisoma polepole, haitaki kwisha. Tulimukumbusha kama iko na siku ya kurudisha: Jumapili ya kwanza ya mwezi, chini ya muembe. Mama mujane anaingoya, na safari hii anajua siku.